Mnong'ono na Godoro

3 Machi, mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke

Nukta, mdogo wangu,

Nimeandika mwaka wa thelathini na nane hapo juu, na najua utanicheka. Wewe unahesabu kwa kalenda ya ukutani kama watu wengine. Mimi nimezoea kuhesabu tangu siku niliyofunga sanduku. Watawala waliotufukuza chuoni wamekwisha kuzikwa, waliowafuata wamestaafu, na mimi bado nahesabu. Ni tabia tu, kama ya mtu anayepapasa mfuko akitafuta ufunguo wa nyumba aliyohama.

Sasa kazi. Pamoja na barua hii kuna sura mbili za mwisho za kitabu, ile ya kusikia na ile ya kusimama. Miaka yote nimeandika juu ya sikio la ndani kwa lugha za wenyeji wangu, katika majarida yanayosomwa na watu wachache ambao karibu wote wananijua kwa sura. Hiki ni cha kwanza kwa lugha yetu. Nimekiandika kwa ajili ya watu kama mpwa wangu, binti yako, muuguzi anayekaa kwenye zahanati isiyo na mashine na kila siku analetewa mtu anayesema ana kizunguzungu. Aliniandikia mara moja kwamba kwao kizunguzungu ni presha au ni malaria, na asiyepona kwa dawa za hayo mawili huambiwa aache mawazo. Maneno hayo ndiyo yaliyonikalisha mezani.

Mkuu wa chuo cha wauguzi amekubali kitabu kianze kutumika Novemba, kwa sharti moja: mwandishi aje mwenyewe kufundisha wiki ya kwanza. Anasema amechoka na vitabu vinavyoletwa kwa hotuba kisha vikafungiwa kabatini, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha walimu namna ya kuvitumia. Ana haki. Nimemjibu kwamba nitakuja.

Nakuomba mambo mawili. Kwanza, usahihishe. Ulikaa kiwanda cha uchapaji ukisoma prufu za watu, zile kurasa za majaribio, mpaka wakakubandika jina la Nukta kwa kukataa ukurasa utoke bila nukta yake. Nataka kila sentensi yangu ipite chini ya jicho hilo. Pili, vijaribu vipimo vyenyewe kwa majirani. Wewe si muuguzi. Kama unaweza kuvifuata kwa kusoma tu, muuguzi hatashindwa.

Kipimo cha kusimama kinataka godoro la sponji, si nene sana. Mtu avue viatu, apande juu yake, miguu pamoja, mikono kifuani, kisha afumbe macho. Binadamu husimama kwa vitu vitatu: macho, nyayo na sikio la ndani. Godoro linazidanganya nyayo, macho yamefumbwa, basi linabaki sikio peke yake. Aliye mzima atayumba kama mlevi mstaarabu, lakini atasimama. Ambaye masikio yake ya ndani yamekufa upande wa mizani ataanguka papo hapo, kwa hiyo mwingine akae nyuma yake tayari kumdaka, bila kumgusa.

Kipimo cha kusikia ni mnong'ono. Simama nyuma ya mtu ili asiione midomo yako, toa pumzi yote kwanza, kisha nong'ona maneno matatu, naye ayarudie. Sikio moja, halafu la pili.

Mbona simu za Jumapili zimekatika? Nimepiga tangu Desemba, inaita tu.

Kaka yako

*

29 Machi

Kaka yangu Profesa,

Sura zimefika. Bahasha ilichanika pembe moja lakini hakuna ukurasa uliopotea. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, kwa hiyo usihangaike kupiga. Barua ni bora. Barua unaweza kuisoma mara mbili.

Unaandika sentensi ndefu kama mtu anayeogopa kufika mwisho. Nimezikata. Zilizobaki ndefu ni zile ambazo nilipozikata zilitoa damu.

Halafu hili neno kizunguzungu umelitumia kwa kila kitu. Mwenye njaa anasema ana kizunguzungu, aliyeinuka kitini haraka anasema hivyo hivyo, na yule wako wa sikio naye vilevile. Muuguzi aulize: ni kichwa chako ndicho chepesi, au ni nyumba inayozunguka? Nimewauliza watu wa mtaa huu na hakuna aliyefikiri kabla ya kujibu. Nimeliandika pembeni kwa penseli. Ukilikataa, sema sababu.

Godoro nililitoa kwenye chumba chako. Ndiyo, kuna chumba chako. Nimekipaka rangi nyeupe na kitanda kinaangalia dirisha. Nililiweka uani nikawaita watu. Wa kwanza ni Fundi Cheche, mchomeleaji wa milango ya chuma hapo ng'ambo ya barabara, ambaye amegonga mabati tangu ana nywele. Alitaka kujua akianguka nani atamalizia geti la watu. Hakuanguka. Wa pili ni Mama Mapazia, anayeshona chumba cha jirani na ananizidi umri. Huyo alisimama kimya mpaka tukamwambia imekwisha, akasema tumwache kidogo, ni mara ya kwanza leo hajaulizwa kitu na mtu.

Mnong'ono: wote wamepata. Maneno yote, masikio yote.

Sasa picha ya tano. Maelezo yake yanasema: "Mtu amesimama juu ya godoro, macho yamefumbwa." Mtu huyo ni wewe, nimekujua kwa kipara na kwa sweta, na macho yako yako wazi kabisa. Unaitazama kamera kama askari wa mpakani. Picha na maelezo yake lazima viseme kitu kimoja. Piga nyingine.

Dada yako,
Nukta

*

20 Aprili, mwaka ule ule wa thelathini na nane

Nukta,

Swali lako la nyumba inayozunguka limeingia kitabuni, tena mwanzo wa sura, si pembeni. Nilitumia aya nzima kusema ulichosema kwa mstari mmoja. Nimeifuta aya hiyo bila kilio.

Picha ni kosa la Mzee wa Chini. Ndivyo ninavyomwita jirani wa ghorofa ya kwanza, dereva wa basi mstaafu, ambaye hupanda kunywa chai kwangu na ndiye mpigapicha wangu. Anabonyeza kabla sijawa tayari. Anasema alizoea kuondoka kwenye kituo kwa wakati. Tumepiga nyingine, hii hapa.

Lililonikosesha raha ni mnong'ono. Fundi Cheche hawezi kupata maneno yote. Nimewapima wahunzi, waseremala, wapiga mabati wa nchi tatu. Kelele ya chuma huanza kula sauti nyembamba, ile ya mwanzo wa sabuni, wa fisi, wa shati, na mtu mwenyewe hajui kwa sababu sauti nene bado anazisikia vizuri. Ukimnong'oneza "fisi" atakuuliza umesemaje. Kwa hiyo ama huyu fundi wako ni wa ajabu na nimwandikie makala yake peke yake, ama kipimo changu kina tundu ambalo sikuliona. Nafikiri ni tundu. Kama ni hivyo, si haki kukipeleka kwa wauguzi mpaka nilizibe, maana watakaa na viziwi mbele yao wakiwaambia wako wazima.

Nifanyie hisani, rudia. Mpwa wangu awepo na aangalie kila unachofanya.

Chumba cheupe kimenifurahisha. Je, zile ngazi mbili za kushukia jikoni bado zipo? Nilikuwa nikizishuka na sahani mikononi bila kuangalia chini.

Kaka yako

*

14 Mei

Kaka,

Ngazi za jikoni hazipo. Tuliziondoa mama alipoanza kujikwaa, tukamwaga zege, sasa ni mteremko.

Sirudii mnong'ono. Kipimo ni kizuri kilivyo. Watu wana kazi zao, siwezi kuwatoa kila wiki wakasimame uani kunisikiliza nikipumua. Fundi Cheche ana masikio mazuri, basi, kuna watu wa hivyo.

Lakini tuzungumze juu ya picha. Macho sasa umefumba, hongera. Ila ukutani, nyuma yako, kuna kivuli cha mkono, na mkono huo umeshika mkanda wa suruali yako. Nimekitazama kwa kile kioo cha kukuzia nilichopewa siku ya kustaafu. Vidole vinne vinaonekana. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba wa nyuma awe tayari kudaka bila kugusa. Huyu hayuko tayari kudaka. Huyu amekwisha kudaka.

Halafu miguu yako. Hujavaa soksi, kwa hiyo naona vidole vimejikunja kama vya ndege aliyetua kwenye waya wa umeme. Mama Mapazia hakukunja vidole, na ana goti bovu.

Nilisoma prufu miaka mingi, Kaka. Nilichojifunza ni kwamba kosa moja ni la mpiga chapa, lakini likija mara mbili mahali pale pale, ni la mwandishi.

Nani anakushika, na kwa nini?

Nukta

*

6 Juni

Nukta,

Jua la dirisha langu hufanya vivuli vya ajabu mchana. Tutatumia picha ya mtu mwingine, Mzee wa Chini amejitolea, na ana kitambi kitakachowafurahisha wanafunzi.

Masahihisho yako ya sura ya kusikia nimeyakubali yote isipokuwa lile la ukurasa wa tisa, ambapo umefuta mzaha wangu kuhusu nta ya masikio. Nakuomba uurudishe. Wanafunzi watakuwa wamechoka wakifika hapo.

Mkuu wa chuo ameniletea ratiba. Siku tano, asubuhi nadharia, mchana vipimo. Ni mtu makini, nampenda bila kumwona. Naangalia safari za mwisho wa Oktoba.

Kuhusu mnong'ono, nimemwandikia mpwa wangu moja kwa moja. Usininunie. Kitabu kinakwenda kwa wagonjwa, siwezi kukiachia tundu kwa sababu dada yangu amekasirika.

Kaka yako

*

2 Julai

Kaka,

Barua yako kwake ilifika Jumatano, na jioni ile ile mwanangu akaja akiwa bado na sare za kazi. Alisema tukirudie kipimo, na kwa kuwa watu wa mtaa wameshakwenda makwao, atanipima mimi. Nikageuka, nikaangalia ukuta wa uani. Nikasubiri aanze. Nilisubiri sana, nikadhani anatafuta maneno. Nilipogeuka nimwulize, nikamkuta analia. Kumbe alikuwa amekwisha kumaliza.

Basi umefurahi. Tundu ulilokuwa unalitafuta limo ndani ya nyumba yako.

Ilikuwa Desemba. Asubuhi moja niliamka na sikio la kushoto limezimika, kama mtu amebonyeza swichi. Nyumba ikazunguka, nikashika kitanda, nikatapika, nikashika kitanda tena. Siku ya tatu nyumba ilitulia lakini sikio halikurudi. La kulia mashine za kiwanda zilikuwa zimelichosha zamani. Nasikia kama watu wako chumba cha pili na mlango umerudishwa. Simu haikutumbukia popote. Ipo kabatini. Ikiita naiona inatetemeka.

Kwa hiyo nilipowanong'oneza majirani, naona nilikuwa napiga kelele. Mama Mapazia amenithibitishia. Anasema walidhani ndivyo ulivyoagiza. Na walipokuwa wanajibu nilikuwa natikisa kichwa tu na kuandika "sawa", kama ninavyofanya dukani, kama ninavyofanya kila mahali tangu Desemba.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Ningekuambia ungesema unakuja. Na wewe ukisema unakuja, mimi huanza kupaka rangi. Mama alipofariki uliandika "tutaona", nikapaka rangi wakati ule pia.

Sasa ni zamu yako. Vua viatu, panda juu ya godoro, fumba macho, na huyo Mzee wa Chini atoe mkono wake. Uniandikie kilichotokea. Usiniletee mambo ya jua.

Nukta

*

25 Julai, mwaka wa thelathini na nane

Nukta yangu,

Naanza na kwako, kwa sababu la kwangu ni la zamani na la kwako bado linaniuma.

Mtu akizimikiwa sikio ghafla namna hiyo, ipo dawa ya kujaribu, na inafaa ianze siku za mwanzo kabisa. Haimponyi kila mtu, lakini wapo inaowarudishia. Nimeliandika hilo katika sura ya kusikia kwa herufi nzito. Umeusahihisha ukurasa huo mwezi wa tatu, uliweka koma mbili, na moja ilikuwa ya lazima. Nilipousoma tena jana niliona penseli yako ilivyotulia, na nikafikiri juu yako ukisoma kwamba muda umepita, kisha ukaweka koma, kisha ukageuza ukurasa. Sijui kama ningeweza.

La kulia bado lina kazi. Mpwa wangu akupeleke ukapimwe, uwekewe kifaa. Hili si ombi.

Sasa kwangu. Miaka sita iliyopita kifua kilinishika vibaya nikalazwa, na sindano zilizokiokoa kifua ziliua mizani ya masikio yote mawili. Kusikia ziliniachia. Ni dawa niliyokuwa nimewaonya watu juu yake katika makala tatu, na wakati wanaichoma sikuwa na fahamu za kumwonya mtu yeyote. Sina ugomvi nao. Nilikuwa nakufa, sasa sifi.

Nilipanda juu ya godoro kama ulivyoagiza. Nilifumba macho, Mzee wa Chini akaachia mkanda, na nikaangukia mikononi mwake kabla hajamaliza kusema "haya". Ananiambia nina uzito kuliko ninavyoonekana.

Nikitembea, dunia hutikisika kama picha alizopiga yeye. Kusoma jina la duka lazima nisimame. Gizani siwezi kitu. Nikinawa uso naegemeza paji la uso ukutani, kwa sababu nikifumba macho pale kwenye beseni sijui juu ni wapi. Lakini mchana, ndani ya nyumba hii, utaniona ni mtu mzima kabisa. Naijua kama ulimi unavyoyajua meno. Kuna mstari kwenye rangi ya ukumbi, usawa wa kiuno, ambapo vidole vyangu vimepita miaka sita. Macho na nyayo zimejifunza kufanya kazi ya watatu. Ndiyo sababu sura ya kusimama ni nzuri kuliko zote, na ndiyo sababu nilitaka niwe mimi pichani. Nilitaka waone mzee anaweza kusimama. Sikufikiri kwamba kwa kufumbua macho nilikuwa nawafundisha uongo.

Tumeandikiana hivi miezi yote, wewe huna masikio, mimi sina mizani. Tukiwekwa pamoja tunatoa mtu mmoja mzima, na chenji inabaki.

Tundu nimeliziba. Sura hizi mbili za vipimo sasa zinaanza na ukurasa mpya: kabla hujampima mtu yeyote, mwenzako akupime wewe. Anayenong'ona anong'onezwe kwanza. Anayefundisha kusimama apande godoro kwanza. Nimetafuta katika vitabu vyote nilivyo navyo hapa rafuni, na hakuna kilichosema hivyo wazi. Ni ukurasa bora niliowahi kuandika, na tumeuandika kwa kudanganyana.

Juu ya Novemba, nipe barua moja zaidi.

Kaka yako

*

18 Agosti

Kaka,

Nimewekewa kifaa sikio la kulia. Kumbe friji ina maneno mengi. Mwanangu anasema nimeacha kumfokea. Mimi naona ni yeye ndiye aliyeacha kunong'ona. Simu nimeitoa kabatini lakini usipige bado, sauti za simu zinanijia kama za watu ndani ya pipa.

Ukurasa mpya nimeusoma. Sikugusa kitu. Weka hilo kwenye kumbukumbu zako, halijawahi kutokea.

Sikukungoja. Nilimchukua mwanangu tukaenda kwa mkuu wa chuo, godoro tumelikunja kwapani. Ni mtu mrefu, meza yake haina hata karatasi, na ana kawaida ya kuongea akiangalia dirisha, kwa hiyo nilimwomba ageuke. Tukamweleza kwamba huenda usiweze kusafiri, na kwamba sisi wawili tunaweza kufundisha wiki hiyo, mimi kusimama, binti kusikia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, niliomba mwandishi. Sikuomba familia yake."

Nililitandika godoro katikati ya ofisi nikamwambia avue viatu. Alimwangalia mwanangu, mwanangu akaangalia dari. Akavua. Soksi zake hazikulingana rangi, nikajua tutaelewana. Alifunga mikono kifuani, akafumba macho, akaanza kuyumba, na uso wake ukawa uso wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali sana. Alipofumbua aliniuliza, "Hapo nilikuwa nimesimama kwa kitu gani?"

Nikamwambia, "Kwa sikio lako. Ni hilo tu lililokuwa kazini."

Akataka tena. Alirudia mara tatu, akamwita katibu wake, akamwita mhasibu. Mwanangu akawapima wote mnong'ono, lakini kwanza alinigeukia mimi akaniambia nimpime yeye, mbele yao, kama ukurasa wako unavyosema. Nilinong'ona kidogo sana, Kaka. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ilivyo ndogo. Alirudisha maneno yote matatu.

Mkuu amekubali. Ameweka sharti jingine mahali pa lile: wanafunzi watakuandikia maswali yao, na mwandishi ajibu kila barua kwa mkono wake, mwezi usipite. Nilimwambia kwamba hilo ndilo jambo pekee la duniani ninaloweza kukudhamini.

Kwa hiyo Novemba imepata watu wake. Huhitaji tena kuja kwa ajili ya kitabu. Limebaki lile jingine. Chumba ni cheupe, kitanda kinaangalia dirisha, mlango bado sijaupaka. Nimeshika brashi. Nataka uniambie unakuja au huji. Usiniandikie "tutaona". Nitaupaka mlango rangi yoyote utakayonijibu, na sitalia mbele ya Fundi Cheche.

Nukta

*

10 Septemba, mwaka wa thelathini na nane

Nukta, mdogo wangu,

Nimesoma barua yako dirishani, nimesimama, macho wazi. Pale kwenye soksi za mkuu nilicheka mpaka Mzee wa Chini akapanda kuuliza kuna nini. Nikamsomea yote. Alitaka nirudie mahali uliponong'ona kidogo, na nilipomaliza akaenda kutazama barabara kwa muda.

Mwambie mkuu wa chuo nimekubali sharti lake. Maswali yaje hata kama ni ya kijinga, hayo huwa ndiyo yenye kazi. Na mpwa wangu asiwaruhusu wanafunzi waharakishe ukurasa ule wa kwanza. Wengi watauona kama adabu tu. Awaambie ni kipimo kama vingine, na wasiopita wasione haya. Watapewa kazi ya godoro.

Baada ya barua yako ya pili kwa mwisho nilianza kutembea nyumbani kwetu kichwani. Nilitoka chumba cheupe, nikashika ukuta wa ukumbi kwa mkono wa kulia, nikapita mlango wa mama, nikafika jikoni, na kila mara mguu ulitafuta zile ngazi mbili. Najua hazipo. Nimejaribu kuweka mteremko mahali pake na mguu unakataa. Miguu yangu inaijua nyumba ambayo haipo tena, na macho yangu hayajawahi kuiona iliyopo. Kwa mtu mwenye mizani hilo ni jambo dogo, angejikwaa mara moja akazoea. Mimi ninasimama kwa kukumbuka, na kumbukumbu zangu za huko zimepitwa na zege.

Hapa kuna ule mstari ukutani. Kuna Mzee wa Chini, anayejua kunishika bila kuniuliza. Kuna meza, na kuanzia Novemba kutakuwa na barua za wanafunzi. Miaka sita iliyopita nilijifunza kusimama upya nikiwa na umri ambao wengine wanajifunza kulala mchana, na nilijifunza vizuri. Sina haja ya kujifunza mara ya tatu ili nithibitishe kwamba napapenda nilipozaliwa. Usidhani ni woga. Nimejipima, kwa vipimo vyangu mwenyewe, na majibu nayaamini.

Chumba wape wauguzi. Wakija kufanya mazoezi kwako mchana, godoro likae pale sakafuni, dirisha liwe wazi, na mtu akae nyuma. Mlango upake kijani, kama ulivyokuwa zamani, ili angalau huo niujue. Kitanda kiuze, au kilalie mwenyewe, kinaangalia dirisha.

Nimehesabu miaka kwa muda mrefu kwa sababu mtu anayehesabu ni mtu aliye njiani. Barua ijayo nitaweka tarehe kama watu wengine.

Umetaka jibu lisilo na "tutaona", na unastahili nukta mwisho wake. Sitarudi.

Kaka yako